Tutaongea Nyumbani

Jumamosi iliyopita tulimzika Baba Profesa kwake kijijini Ajia, huku kwetu kaskazini mwa Uganda, na mimi ndiye niliyesonga ugali wa watu waliokuja kumlilia. Sikuombwa. Hakuna anayemwomba mke wa mtoto wa kwanza asonge ugali katika msiba wa baba mkwe wake. Unafika, unakuta sufuria imeinjikwa, mwiko umeegemezwa ukutani, na wanawake wengine wanasogea kukupisha. Basi nikafunga kanga kiunoni nikasonga enyasa, ugali wetu mweusi wa muhogo na mtama, huku moshi ukinitoa machozi ambayo majirani waliyapokea vizuri sana. Kutoka uwanjani, mwenye kipaza sauti alikuwa akisoma sifa za marehemu: msomi wa kwanza wa ukoo, mlezi wa walimu, mtu aliyewainua wengine bila kuchoka. "Huyu mzee alizaa madokta mingi kupita hospitali," akasema, na watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake pia. Nilisoma chini yake mwaka mzima, niliutaka udaktari kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, na yeye ndiye aliyenizuia. Nikakung'uta mwiko pembeni mwa sufuria, nikaendelea kusonga.

Nina shahada ya katikati. Wengi hawajui kama kuna kitu cha namna hiyo, na siwalaumu. Kuna uzamili, ambao siku hizi kila mwalimu mwenye bidii anao. Kuna uzamivu, ambao humfanya mtu aitwe Dokta. Na kati ya hivyo viwili kuna uzamili wa falsafa, mkubwa kuliko ule wa chini, mdogo kuliko ule wa juu. Kwa anayepita, ni mahali pa kuvuta pumzi. Kwa aliyesimamishwa hapo, ni kibaraza: mvua haikunyeshei, lakini ndani hujaingia. Miaka yangu yote ya kazi, kila nilipokwenda ofisi za elimu, karani alikigeuza cheti changu mbele na nyuma. "Mama, hii ni kitu gani? Iko masters ama iko PhD?" Nikimwambia iko katikati, ananijibu bila ubaya wowote, "Katikati haiko kwa kompyuta," kisha ananishusha kwenye uzamili pamoja na wengine. Walimu niliowaonyesha namna ya kushika chaki wamekuwa madaktari, na wananiita Madam kwa upole mwingi. Sina kijicho nao. Naam, ninacho. Kwa nini niseme uongo katika umri huu?

Nilikozaliwa na walionizaa si habari ya leo. Inatosha kusema kwamba kwetu tulikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kongo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mezani. Mwaka ninaousema nilikuwa mwalimu Mvara, mtaa wa mji wa Arua, nimeolewa na Alioni, kijana wa Kilugbara, afisa wa kilimo, mpole hadi watu wakamtania. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeanza kuchukua wanafunzi wa utafiti kutoka huku kwetu. Utaratibu wao ulikuwa huu: unasajiliwa, unafanya utafiti kwa mwaka mmoja, kisha unasimama mbele ya jopo na kuieleza kazi yako. Wakiridhika wanakupandisha, unaendelea na udaktari. Wasiporidhika wanakupa ile ya katikati, wanakushika mkono, unakwenda zako. Kila mwanafunzi alihitaji msimamizi, na msimamizi wa mambo ya elimu huku kwetu alikuwa mmoja tu, baba wa mume wangu. "Wewe iko na bahati kweli," walimu wenzangu waliniambia. "Msimamizi iko mutu ya nyumbani! Nani atakusumbua?" Nami nilikubali kwamba nina bahati. Kwetu ndivyo tunavyofikiri: ukiwa na ndugu ofisini, mlango umeshafunguka. Hakuna aliyekaa kujiuliza itakuwaje siku nitakapolazimika kubishana naye.

Utafiti niliufanya Koboko, mji wa mpakani kaskazini mwa Arua. Nilipanga chumba katika nyumba ya Hajati Zubeda, mjane wa Kinubi, chumba chenye dirisha dogo na kitanda cha kamba, na ukuta mwembamba ulioleta mazungumzo yote ya upande wa pili. Asubuhi nilikuta gurusa imekwisha kukaangwa, chapati zile laini za Kinubi, na chai ya tangawizi iliyokuwa kali mpaka kooni. Hajati aliniita Dokta tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba bado, ndiyo kwanza naanza. "Mimi naanza mapema," akasema, "ili siku ikifika ulimi iko tayari." Mchana nilikaa nyuma ya madarasa nikiwasikiliza watoto wakisoma, na jioni nilikaa uani nikiwasikiliza wakiwasimulia bibi zao yale waliyoyasoma. Hapo ndipo nilipolipata jambo langu. Msichana mmoja aliyekuwa akigugumia ukurasa wa Kiingereza darasani, mwalimu akimwona mjinga, alirudi nyumbani akaukariri ukurasa uleule kwa Kinubi, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu mimi mgeni, na kila mara aliongeza sababu ambazo kitabu hakikuzitaja: kwa nini sungura alikimbia, kwa nini mama yake alinyamaza. Shule ilikuwa ikipima kusoma mahali pasipofaa. Mtoto alikuwa anasoma akiwa nyumbani, anaposimulia, na hakuna aliyemwekea alama. Nililala nikitabasamu usiku ule kwenye kitanda cha kamba. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na nimezaa, nimejenga, nimekwenda hija ya kanisa hadi Namugongo.

Kila baada ya majuma machache nilipanda gari la mizigo kurudi Arua, barabara ikiwa bado ya udongo mwekundu, nikifika Mvara nywele zimegeuka rangi. Nyumba ya Baba Profesa ilikuwa na sebule ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha za mahafali zimepangwa ukutani kwa urefu, na saa kubwa iliyosimama siku nyingi. Jiko lilikuwa nje, uani, dirisha lake likitazamana na dirisha la sebule. Kila mara niliingia na sura mpya ya tasnifu mkononi, nikapiga magoti, nikamsalimu. Aliniuliza habari za mwanawe. Kisha Mama Profesa, mkewe, aliita kutoka jikoni, nami niliiacha sura mezani na kwenda kutwanga karanga. Nilipoondoka jioni nilirudishiwa karatasi zangu zikiwa zimesahihishwa alama za mkato tu. Siku moja nilijikaza. Nilikuwa nimepiga magoti na sinia la samaki wa angara mbele yangu, nikasema, "Baba, ile hoja ya sura ya tatu, naomba tuizungumze." Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akitaka kushika kisu. "Mwanangu, hapa ni nyumbani. Mambo ya chuo tuache chuoni." Wiki iliyofuata nikamwendea chuoni, nimevaa viatu vya kisigino, faili kwapani. Ofisini walikuwepo watu wawili wengine. Nilipoanza tu kusema, alinyanyua kiganja. "Binti," akasema kwa Kiswahili badala ya Kiingereza cha ofisini, ili wale wengine waone upendo, "si tutaongea nyumbani?"

Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Nyumbani alikuwa profesa aliyepumzika, chuoni alikuwa baba. Nilimfuata kutoka mlango huu hadi ule, na kila mlango ulinielekeza kwa mwenzake. Sikuona hila ndani yake wakati ule. Niliona mzee mwenye shughuli nyingi, nikaandika kwa bidii zaidi, nikidhani siku ya jopo kazi itajisemea yenyewe. Miezi ya mwisho nilikuwa na mimba. Nilitapika Koboko, nilitapika njiani, nilitapika Mvara, na sura ya tano niliimaliza nimeweka ndoo kando ya meza. Hajati alinichemshia uji wa mtama wenye ndimu na kunikataza kunywa chai. Upande wa pili wa ukuta niliwasikia wajukuu wake wakibishana: dokta wa kutapika hivi atatibu nani? Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Siku moja kabla ya jopo, Baba Profesa aliwaalika wajumbe wenzake wawili chakula cha mchana. Mmoja nilimjua, mhadhiri mfupi wa Arua. Wa pili alikuwa profesa mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, Mkongomani mwenye sauti nzito, na kwa ajili yake wakazungumza Kiswahili badala ya Kilugbara. Mimi na Mama Profesa tulikuwa jikoni, yeye akikoroga mchuzi, mimi nikipanga sahani, na madirisha yote mawili yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilisikia mhadhiri mfupi akisema, "Mimi nimeisoma yote. Kazi hii iko na nguvu. Mutu kama huyu tumpandishe tu." Nilikaribia kudondosha sahani kwa furaha. Kisha Baba Profesa akasema, "Iko na nguvu, ndiyo. Lakini msichana iko na mimba. Tutamuua na hii masomo." Mkongomani akaguna. "Kwetu kule iko diploma moja ya katikati. Mutu anaipata, anapumuzika kidogo, kisha anaendelea na dokta. Kama ninyi iko nayo, mumupatie hiyo." "Hata sisi iko nayo," Baba Profesa akasema. "Lakini ya kwetu ukiipata imekwisha. Huendelei." Mhadhiri mfupi akauliza kama basi hiyo ni haki. Ndipo baba mkwe wangu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu mchana ule, akiyasema taratibu, bila chuki, kama mtu anayeomba msaada kwa rafiki zake. "Kijana yangu iko na digrii moja tu. Mwanamke yake akiitwa Dokta, yeye ataitwa nani kwa nyumba yake?"

Mmoja wa wageni alikohoa. Nilimgeukia Mama Profesa, na niliona wazi kwamba naye amesikia kila neno, kwa sababu mwiko ulikuwa umesimama ndani ya mchuzi. Nilifungua mdomo. Akachukua jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akaniwekea mikononi. "Wageni hawajanawa," akasema. "Nenda." Nikaenda. Nilipiga magoti mbele ya kila mmoja wao, nikawamiminia maji, wakanawa na kujipangusa kwa taulo iliyokuwa begani mwangu. Mhadhiri mfupi hakunitazama usoni. Mkongomani alinishukuru na kunitakia nizae salama. Baba Profesa alinawa wa mwisho, polepole, hadi kwenye vifundo vya mikono. "Umechoka, mwanangu," akaniambia, na naapa kwa Mungu kwamba alimaanisha. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote. Ningepata adui ningejua la kufanya naye.

Jioni nilimweleza Alioni nusu ya habari. Nilimwambia baba yake anataka nisimamishwe kwa sababu ya mimba. Yale maneno mengine, yaliyomhusu yeye, sikumwambia, na hadi leo sijamwambia. Angekula nini tena mezani kwangu baada ya kuyasikia? Alikaa ukingoni mwa kitanda akivua soksi moja kwa muda mrefu. "Ni baba," akasema mwishowe. "Mimi nitamwambia nini?" Nikamwambia asijali, kesho nitasema mwenyewe.

Na nilisema. Watu hudhani nilinyamaza, kwa kuwa naonekana mtu wa kunyamaza. Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani na chupa za maji zilizofunguliwa nusu. Nilieleza kazi yangu yote kwa Kiingereza, nikijishika mgongo, na nilipomsimulia yule msichana wa Koboko mhadhiri mfupi aliinua kichwa akatabasamu. Kisha mwenyekiti, ambaye ndiye baba mkwe wangu, akatangaza kwamba jopo limeridhika na kazi, na linapendekeza mwanafunzi atunukiwe shahada ya uzamili wa falsafa kwa heshima zote. Akauliza kama nina neno. Nilisimama. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, kama kazi imeridhisha, naomba kupandishwa. Naomba kuendelea." Nilisema hivyo wazi, mara mbili. Hakunijibu kwa Kiingereza. Aliivua miwani, akainamisha kichwa upande, na kwa sauti ileile ya sebuleni, sauti ya kumtuliza mtoto mbele ya wageni, akasema, "Mwanangu. Tutaongea nyumbani." Wakafunga mafaili. Nilitoka moyoni nikiwa bado nimesimama pale mezani, kama mtu anaweza kusema hivyo, maana miguu ilinipeleka hadi nje ya geti kabla sijajua kwamba habari yangu imekwisha.

Sherehe ya shahada yangu ilifanyika Mvara baada ya binti yetu Neema kuzaliwa. Walichinja mbuzi, wakakodi mahema, keki ikaandikwa hongera kwa sukari ya buluu. Baba Profesa alitoa hotuba ndefu akinisifu kwa kujua kuchagua familia. Hajati alikuja kutoka Koboko na kawa kubwa aliyoisuka mwenyewe, nyekundu na zambarau, ya kufunikia chakula cha Dokta. Nilimvuta kando nikamwambia, "Hajati, si Dokta. Wamenipa ya katikati." Aliniangalia akitafuta mzaha usoni pangu. "Katikati ya nini?" Akaniwekea kawa mikononi, akanipapasa bega, na siku ile hakuniita jina lolote. Miaka iliyofuata nilijaribu vyuo vingine. Vyote vilitaka barua ya msimamizi wangu wa kwanza, na msimamizi wangu wa kwanza alikuwa akila kwangu kila Krismasi. Kila nilipomwomba, alijibu jibu lilelile. Alipozeeka na kusahau mambo, alilisahau na jibu pia. Alinitazama tu na kuniuliza mimi ni mke wa nani.

Haya yote yalinirudia Jumamosi pale Ajia, nikiwa na mwiko mkononi. Mwenye kipaza sauti alikuwa amefikia mahali pa kuaga mwili. Akatangaza utaratibu: wanafunzi wa Profesa, wasomi wake, wasimame upande wa kulia wa jeneza, wake wa ukoo wapige magoti upande wa kushoto. Niliwaona wanaume wenye majoho mekundu wakijipanga kulia, na mhadhiri mfupi miongoni mwao, mzee sasa, anatembelea fimbo. Niliwaona wake wengine wa ukoo wakiteremka mikekani kushoto. Mama Profesa alikuwa ameketi kichwani mwa jeneza, amefunikwa shuka. Binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi huko Omugo na amechukua likizo kuja kumzika babu yake, alikuwa amesimama nyuma ya hema na jagi na beseni, akingoja kuwanawisha wageni. Nikafungua kanga kiunoni, nikapita katikati ya uwanja, nikaenda kusimama kulia.

Minong'ono ikaanza. Mwenye kipaza sauti, kijana wa mjini asiyejua habari zetu, aliona mama mtu mzima amesimama na wasomi, akataka kunipa heshima. "Na huyu pia iko binti ya ukoo, iko Dokta wetu, mumpigie makofi," akasema, akanisogezea kipaza. Nikakishika. "Mimi si Dokta," nikasema. "Nilisoma na huyu mzee hadi mwisho. Kazi yangu iliridhisha. Niliomba kuendelea, na sikupewa jibu." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikapiga ukuta wa nyumba na kunirudia. Alioni aliinuka nusu kutoka kwenye kiti chake, akabaki hivyo. Mhadhiri mfupi alitazama chini. Kijana akacheka kwa wasiwasi, akanyoosha mkono apokee kipaza chake. "Mama, pole. Leo iko siku ya kilio. Haya maneno mutaongea nyumbani."

Nilitazama sebule yenye pazia, jiko linalofuka moshi, kaburi lililochimbwa kando ya nyumba kama desturi yetu ilivyo. "Nyumbani ni hapa," nikamwambia. "Tuongee."

Nilidhani pengine kuna mmoja atakayethubutu kusema, kwa kuwa watatu kati yetu tuliosikia mchana ule, mimi, Mama Profesa na mhadhiri mfupi, tulikuwa uwanjani pale, tuko hai, na wa nne, aliyeyasema maneno yenyewe, alikuwa jenezani mbele yetu. Ndipo shuka likatikisika. Mama Profesa aliinua uso, akanitazama, na kwa sauti ndogo ya mtu aliyelia siku mbili akasema, "Binti. Wageni hawajanawa."

Neema alikuwa ameshaanza kusogea na jagi lake, mtiifu, amekwisha kuinama kidogo magotini. Nilimfikia kabla hajapiga goti. Nilichukua jagi mikononi mwake, nikamwaga maji yote chini, nikamshika mkono, tukarudi wawili kusimama upande wa kulia.